Dripu ya oili kwenye cheni ya Boxer: shajara ya mradi, Njoro

Chombo ni pikipiki ya Boxer 150, cheni ya 428 ya kawaida, isiyo na vipete vya mpira ndani, kava ya cheni ni ile ya nusu. Kazi yake ni kunipeleka kutibu na kupandisha ng'ombe kati ya Njoro, Mauche na Mau Narok, kaunti ya Nakuru, mtungi wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu za madume ukiwa nyuma. Ninachotaka ni cheni ipate oili kidogo kidogo ikiwa inatembea, nisilazimike kuinama na kopo kila jioni. Nitaongeza maandishi kila hatua inapokamilika, pamoja na bei, ili anayetaka kuiga asirudie kununua vitu ambavyo mimi nimeshavitupa.

11 Januari 2025: Cheni mpya, vipimo vya mwanzo

Cheni seti imeingia leo: shilingi 2,300 pamoja na sproketi zote mbili, na 200 za fundi. Ile ya zamani haikufikisha kilomita elfu sita. Kabla ya kuitoa niliipima, na kipimo chenyewe ni rahisi kiasi kwamba sioni kwa nini watu wanabishana kwa macho tu. Cheni ya 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute ikaze, weka rula ya chuma, hesabu pingili 20. Mpya inasoma 254. Ikifika 259 imeliwa kwa asilimia mbili na haifai kuendelea kubebwa. Yangu ilisoma 261, na meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamelala upande mmoja.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakikuvutika popote. Kilicholiwa ni pini na bushi inayozunguka juu ya pini hiyo, mahali usipopaona, na kila pingili ikipoteza kidogo urefu unajumlika. Kwa hiyo oili inayong'aa nje ya cheni haina kazi kubwa. Inayotakiwa ni ile iliyopenya kati ya bamba na bamba hadi kwenye pini. Na vumbi letu la huku si la mchezo. Udongo wa Njoro na Rongai umetokana na jivu la volkano, chembe zake ni kali, na Januari hadi Machi linapanda mpaka kwenye kofia.

Nilichokuwa nikitumia ni kile ambacho kila steji inatumia. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni ya bure, lakini ina masizi na unga wa chuma, yaani unapaka msasa. Grisi nayo inabaki nje, haipenyi, na inakusanya vumbi lote la barabara.

Wazo limetoka mbali kidogo. Nilikuwa nasoma kuhusu pikipiki za theluji za Kanada na kaskazini mwa Marekani. Zile hazina gurudumu la nyuma, zina mkanda unaozunguka juu ya reli za plastiki, na plastiki hiyo inategemea theluji kulainishwa na kupozwa. Wakipita kwenye barafu ngumu isiyo na theluji laini, reli zinaungua, na injini zinazopozwa kwa maji zinachemka kwa sababu hakuna theluji inayorushwa kwenye vipoza joto. Basi wanafunga vijiti vya chuma vyenye springi, viwili, kimoja kila upande, vinakwaruza barafu na kurusha unga wake mahali panapotakiwa. Mabishano yao ni kufunga vya waya au vya mkono mgumu, kwa sababu ukirudi nyuma bila kuvipandisha, vingine vinapinda au kukatika. Mimi sina barafu. Lakini kile kitu cha kulainishwa na kidogo kinachofika chenyewe wakati wa mwendo, hicho nilikitaka.

18 Januari: Kuchagua

Nimeangalia njia tatu. Ya kwanza ni kifaa cha dukani cha Scottoiler, cha Uskochi, ambacho hufunguliwa na mvuto wa hewa wa injini: injini ikiwaka oili inadondoka, ikizimwa inafungwa. Ni kitu safi, ila kukiagiza na kukilipia ushuru kwa ajili ya pikipiki ya kazi hakuingii akilini mwangu. Ya pili ni kipande cha sponji kinachogusa cheni na kulishwa oili. Jirani yangu wa karakana alijaribu hicho zamani. Sponji lilijaa mchanga likawa linakata cheni badala ya kuilainisha. Ya tatu ni dripu, na dripu ninazo.

Hapa nieleze kwa wasiofanya kazi yetu. Kuna mpira wa dripu wa ng'ombe, mnene, wa kumwagia chupa nzima ya kalsiamu ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa. Huo hauna kidhibiti cha maana. Wa binadamu, unaouzwa duka la dawa kwa shilingi 80, una kichupa cha kuonea matone na kigurudumu cha kubania mpira. Nimechukua wa binadamu, mpya. Mpira na sindano zilizotumika kwa mnyama haziingii kwenye mradi huu hata kama zimechemshwa. Zinakwenda kwenye ndoo ya kuchomwa.

26 Januari: Majaribio juu ya meza

Chombo cha oili ni bomba la sindano kubwa la mililita 60, shilingi 60. Lina alama za vipimo ubavuni, kwa hiyo unasoma matumizi bila kukisia. Mti wa kusukumia nimeukata, raba yake imebaki kuwa kifuniko.

Oili ya gia namba 90 niliyokuwa nimepanga ilikataa kabisa. Ndani ya kichupa cha matone kuna kichujio kidogo cha kuzuia uchafu usiingie kwenye damu ya mgonjwa. Maji yanapita, oili inakaa juu yake ikitafakari. Nilikata kichupa, nikatoa kichujio, nikaunganisha mpira moja kwa moja. Ikapita, lakini kwa uvivu asubuhi. Nikajaribu oili ya injini 20W-50, ikaenda vizuri zaidi. Kwa faida ya wanaodhani 90 ni karibu mara mbili ya 50: vipimo vya oili ya gia na vya oili ya injini ni mizani miwili tofauti. Uzito wa 90 ya gia uko karibu na 40 au 50 ya injini. Tofauti niliyoiona inatokana zaidi na asubuhi za hapa, maana 20W-50 haigandi sana kwenye baridi.

Shida kubwa ilikuwa kile kigurudumu cha kubania. Unakiweka tone moja kwa dakika, unakwenda kunywa chai, ukirudi ni tone moja kwa dakika tano, au hakuna kitu. Manesi wanalijua hilo. Plastiki ya mpira ikibanwa inaendelea kulegea na kujipanga upya polepole, na upenyo unabadilika wenyewe. Kwa maji ya mgonjwa kuna mtu wa kuja kurekebisha. Kwa pikipiki hakuna.

Dawa yake ilikuwa kwenye begi langu muda wote: sindano. Tundu la sindano ni la chuma, halilegei, na linauzwa kwa namba. Namba ikipanda, tundu linakuwa jembamba zaidi. Lakini namba hizo zinadanganya macho. Kiasi kinachopita kwenye tundu jembamba kinafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: ukipunguza tundu kwa nusu, oili inapungua mara kumi na sita. Kwa hiyo kuruka namba moja tu kunaonekana. Ya waridi, namba 18, ilimwaga tone kila sekunde kumi na kidogo, ambayo ni kuosha tairi. Ya buluu, namba 23, karibu isimame. Ya kijani, namba 21, ndiyo iliyonipa ninachotafuta.

Kipimajoto ninachotumia kuyeyushia mbegu nimekitia kwenye oili yenyewe. Kwa kijani na 20W-50, kina cha oili kikiwa sentimita thelathini na kitu juu ya sindano: nyuzi 10, tone moja kwa zaidi ya dakika tatu, nyuzi 20, chini kidogo ya dakika mbili, nyuzi 30, karibu dakika moja. Matone nimeyahesabu kwenye mdomo wa mpira, si kwenye ncha ya sindano, kwa sababu ncha inatoa matone madogo sana. Matone kama 40 ya mdomo wa mpira yanafanya mililita moja. Kwa joto la mchana wa Njoro ni chini ya mililita moja kwa saa ya mwendo, na bomba lile la 60 linakaa wiki nyingi.

Sindano inaingia ndani ya mpira, kama shubiri moja juu ya mdomo, si kwenye mdomo wenyewe, maana huko vumbi lingeiziba siku ya kwanza. Ncha kali nimeisaga kwa tupa ikawa butu kabla ya kuigusa tena. Gharama ya hatua hii: mpira 80, bomba 60, sindano za namba mbalimbali 40, oili lita moja 550.

2 Februari: Kufunga

Bomba limekaa chini ya kava ya pembeni ya kushoto, limefungwa kwa klipu mbili za hosipaipu na vipande vya tyubu kuukuu ili lisisagike kwenye chasi. Mahali pa kwanza palikuwa nyuma ya injini, pamejificha vizuri, lakini baada ya mwendo wa nusu saa oili ilikuwa ya moto na dripu imekuwa mfereji. Weka mbali na injini na ekzosi, hata kama sura haipendezi.

Mdomo ndio ulionila akili zaidi. Mambo mawili ya lazima. Kwanza, ufungwe kwenye mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu, wala usifungwe kwenye chasi. Ukiufunga kwenye chasi, kila shimo linaposukuma gurudumu juu mdomo unabaki nyuma na tone linaanguka hewani. Pili, tone lisiangukie juu ya cheni kutoka nje. Liangukie ubavuni mwa sproketi ya nyuma, chini, mbele kidogo, pale cheni inapoanza kuuma meno. Kule chini cheni inarudi kutoka mbele ikielekea sproketi. Tone likigusa uso wa sproketi, mzunguko unalisukuma nje hadi kwenye meno, linaingia cheni kutoka ndani, na mzunguko huohuo unalipenyeza kati ya mabamba. Likiangukia nje ya cheni, mzunguko unalirusha kwenye ukingo wa gurudumu kabla halijafanya kazi.

Kwa mdomo nilitumia paipu nyembamba ya shaba ya friji, shilingi 150 kwa mafundi wa friji pale Nakuru mjini, ikakunjwa vizuri sana. Fundi aliyenisaidia kukaza bolti alitazama bomba, mpira na sindano, akaniuliza: "Daktari, sasa hii nayo umeitundikia maji? Kwani imekataa kula?" Mimi si daktari, ila huku ukishika sindano umeshaitwa hivyo.

15 Februari: Shaba imekatika

Paipu ya shaba imekatika pale ilipobanwa, kwenye barabara ya kwenda Mauche. Haikugongwa na jiwe. Shaba ikitikiswa muda mrefu mahali pamoja inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Bahati kipande kiliangukia nje. Kingeingia kati ya cheni na sproketi hadithi ingekuwa nyingine, na mtungi wa naitrojeni uko nyuma.

Nimebadilisha namna yote. Sasa kuna waya mgumu wa chuma, milimita tatu, uliokunjwa na kufungwa kwa bolti ya kava ya cheni kwenye mkono wa nyuma. Mpira wa dripu wenyewe unafuata waya huo, umefungwa kwa kebo tai, na unachungulia milimita kama tano mbele ya mwisho wa waya. Kwa hiyo kinachokaribia sproketi ni plastiki laini. Ikigusa meno inalika kidogo na kuacha nafasi yake yenyewe. Tundu la bolti nimelirefusha kwa tupa ili mdomo usogezwe nyuma kila ninapokaza cheni, maana gurudumu husogea nyuma na mdomo hautasogea wenyewe. Waya 50, kebo tai 100 kwa pakiti.

Nilijaribu pia kugawa mdomo mara mbili, mmoja kila upande wa sproketi, ili mabamba ya ndani nayo yapate. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Kwenye pikipiki, oili inachagua upande wenye njia rahisi na kuuacha mwingine mkavu kabisa. Ukiinamisha pikipiki kwenye stendi inabadilisha upande. Nimerudi kwenye mdomo mmoja. Baada ya mwendo wa siku nzima nilipangusa mabamba ya ndani kwa kitambaa cheupe nikakuta oili imefika. Si nyingi, inatosha.

Kipimo cha mrusho: bandika karatasi nyeupe kwenye ukingo wa gurudumu la nyuma na upande wa ndani wa kava ya cheni, zunguka kilomita chache, zitazame. Kwenye kava madoa ni sawa. Kwenye ukingo yakiwa zaidi ya vidoa vichache, weka sindano nyembamba zaidi, yaani ya namba kubwa zaidi. Hapa sitaki mzaha. Oili kwenye tairi ya nyuma unaijua ukiwa umeshalala kwenye kona. Kwenye Boxer breki ya nyuma iko upande wa pili wa sproketi, hilo ni la kushukuru, lakini tairi ni moja.

1 Machi: Kuzima na kuwasha

Dripu haijui kwamba umefika nyumbani. Oili inaendelea kudondoka usiku kucha na asubuhi kuna ziwa dogo chini ya gurudumu, na tairi ndani yake. Kigurudumu cha kubania kinaweza kufunga kabisa, lakini kiko ndani ya kava na mkono wenye glavu haukifikii.

Nilinunua vali ndogo ya umeme ya volti 12 mjini, shilingi 850, niiunganishe na swichi ya funguo ijifungue na kujifunga. Inabofya vizuri, unaisikia, na haipitishi kitu. Vali nyingi za aina hiyo zina kiwambo cha mpira ndani kinachohitaji msukumo wa maji ya bomba ndipo kifunguke. Kwenye ubavu wa yangu pameandikwa angalau 0.02 MPa. Hiyo ni sawa na maji yenye kina cha mita mbili juu yake. Mimi nina sentimita thelathini za oili. Muuzaji hakujua, na kwa kweli hakuna sababu angejua. Anayetaka njia ya umeme atafute vali iliyoandikwa kwamba inaanza kufunguka kwenye sifuri, na atalipa zaidi.

Kilichobaki kazini ni kikoki cha dripu cha njia tatu, kile kidogo cha kugeuza kwa vidole, shilingi 70. Nimekileta mbele, nje ya kava, kwa mpira mrefu zaidi, nikafunga uzi kutoka kwenye kikoki hadi kwenye pete ya funguo. Ukitoa funguo uzi unakuvuta. Si ustadi wa kiwandani, lakini tangu hapo chini ya gurudumu pamekauka. Mpira uliorefushwa upite mahali pasipo na mlima katikati, maana ukipanda juu kuliko bomba, hewa inakaa kwenye kilele hicho na dripu inasimama.

Hewa tena: bomba linahitaji tundu la kupumulia. Oili ikitoka bila hewa kuingia, ndani panabaki mvuto na matone yanakoma. Nilichoma sindano ya waridi kwenye raba ya juu, ikafanya kazi hadi siku ya vumbi la barabara ya Mau Narok, ikazibwa. Sasa juu ya sindano hiyo kuna kipande cha mpira kilichokunjwa kutazama chini, na pamba kidogo ndani yake. Pamba ibadilishwe inapogeuka kahawia.

22 Machi: Kisumu na kurudi

Safari ya kwa wakwe Kibos ilikuwa mtihani mzuri kuliko wowote ningeuweka mwenyewe. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, njia inapanda hadi Mau Summit kwenye baridi, inapita Kericho, halafu inateremka hadi Awasi na Ahero, na Kisumu iko chini kwenye mita 1,130 hivi. Mau Summit asubuhi cheni ilikuwa karibu kavu. Nilizunguka na chupa ndogo nikaongeza kwa mkono. Ahero ukingo wa gurudumu ulikuwa umeanza kung'aa. Sindano ni ileile, oili ileile. Joto peke yake limezidisha matone zaidi ya mara mbili.

Kwa joto la Kisumu nimeweka namba 22, ile nyeusi. Inapitisha chini ya nusu ya kijani, na pale ilinipa tone kila dakika mbili hivi. Sindano sasa zinakaa kwenye kijaluba chini ya kiti: kijani ya Nakuru, nyeusi ya Kisumu. Kuzibadilisha ni kuvuta mpira, kuchomoa, kuchomeka, na kupangusa vidole. Shemeji ana tuktuk Kondele na alitaka mara moja nimfungie. Nilimwambia tuktuk yake haina cheni ya kwenda magurudumu, ina shafti; akabaki na swali lake la pili, kwa nini basi nisimfungie kwenye baiskeli ya mtoto.

Kwenye barabara za miwa za Miwani vumbi ni jekundu na jepesi kuliko letu, cheni ilibaki safi. Ahero ni habari nyingine. Ule udongo mweusi ukilowa unajaza kava nzima na kupangusa kila kitu kwenye cheni, oili ikiwemo. Dripu haina la kufanya hapo. Toa tope kwa kijiti, osha kwa maji, kisha ufungue kikoki.

27 Aprili: Mvua, vipimo, hesabu

Mvua za masika zimeshika. Nilitegemea maji yangeifanya dripu kuwa bure, kumbe ndipo inapoonekana. Zamani, mvua moja na asubuhi cheni ina kutu ya rangi ya chungwa. Sasa inalowa, inapangusika, inapata oili tena kabla ya kufika Njoro. Kwa miezi ya mvua nimejaribu oili ya msumeno wa mbao, inayouzwa kwa wapasua mbao wa Elburgon na Molo, 450 kwa lita. Imetengenezwa ing'ang'anie mnyororo wa msumeno isirushwe, na kweli mrusho kwenye karatasi ulipungua. Lakini inavuta nyuzi kama asali na kwenye sindano ya kijani asubuhi ya baridi haiendi. Ukiitumia, weka sindano yenye tundu kubwa zaidi, yaani shuka namba moja, au uichanganye nusu kwa nusu na 20W-50. Mimi niko kwenye mchanganyiko.

Vipimo: baada ya kilomita elfu nne na kitu, pingili 20 zinasoma 255, labda na nusu, rula yangu haioni chini ya hapo. Ile cheni ya zamani katika umri huo ilikuwa imeshapita 257, kwa kipimo kilichobaki kwenye daftari la huduma. Kukaza kumepungua pia. Meno ya sproketi ya nyuma bado yamesimama.

Fedha: vilivyobaki kwenye pikipiki ni mpira, bomba, sindano, kikoki, waya, klipu na kebo tai, havifiki 600, ukiacha oili. Vilivyoondolewa ni paipu ya shaba ya 150 na vali ya 850. Vali nitaiuza kwa mtu mwenye tangi la maji juu ya paa.

Kwa anayefunga kwenye pikipiki yenye kava kamili ya cheni, ile inayofunika juu na chini: usijaribu kupitisha mdomo kwenye uwazi wa nyuma. Toboa tundu la milimita nane ubavuni mwa kava, chini, mbele kidogo ya ekseli, weka raba ya kupitishia waya, pitisha mpira humo. Kava ivuliwe kwanza unapotoboa, chembe za chuma zisiangukie kwenye cheni. Na kwa cheni yenye vipete vya mpira kati ya mabamba, oili ya injini safi haina neno, ila usiioshe kwa petroli. Vipete vinaharibika, na ndani yake ndimo kulimo grisi ya kiwandani. Hatua inayofuata ni raba ya juu ya bomba, imeanza kupasuka kwenye lile tundu la sindano. Nina raba za chupa za dawa za mililita 100, zinapwaya kidogo. Nitajaribu kuzizungushia tepu ya bomba la maji wiki hii.